Chamberlin: Profesa aliyegeuza darasa kuwa soko

MKULIMA anayeuza gunia la mahindi akiwa shambani kwake na mwenzake anayeuza gunia kama hilo mnadani wanaweza kuondoka na bei mbili tofauti kabisa, siku ileile na katika wilaya ileile. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni umbali, gharama za usafiri na ubora wa mazao. Zote ni za kweli.

Lakini ipo sababu nyingine ambayo wengi hawaitazami, nayo ni jinsi soko lenyewe lilivyopangwa. Nani anasikia bei ya nani? Je, watu wanapatana pembeni wawili wawili, au bei inatajwa hadharani? Na je, muuzaji ana nafasi ya kurudi kesho akiwa amejifunza kutokana na jana?

Mtu aliyelipima jambo hilo kwa jaribio, akahesabu matokeo na kuyachapisha ili wengine wayapinge au wayaendeleze, ni profesa wa Marekani aliyeitwa Edward Hastings Chamberlin. Amefariki dunia tangu mwaka 1967, lakini swali aliloliuliza bado linamhusu kila anayepeleka mazao sokoni.

Chamberlin ni nani?

Chamberlin alizaliwa Mei 18, 1899 katika mji mdogo wa La Conner, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Iowa, ambako alihitimu mwaka 1920, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kwa shahada ya pili. Baada ya hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1927. Hapo Harvard ndipo alipofundisha kwa muda mrefu wa maisha yake.

Wakati akiwa mwanafunzi, vitabu vya uchumi vilikuwa na picha mbili tu za soko. Ya kwanza ilikuwa soko la ushindani kamili, yaani wauzaji wengi wanaouza kitu kilekile na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kupanga bei. Ya pili ilikuwa ukiritimba, yaani muuzaji mmoja anayeamua peke yake.

Chamberlin aliona kwamba maduka na viwanda vingi havimo katika picha yoyote kati ya hizo. Muuza duka ana washindani wengi, ni kweli, lakini duka lake liko kwenye kona yake, lina wateja waliolizoea, na pengine mwenyewe ana lugha nzuri kuliko jirani. Kwa hiyo ana ukiritimba mdogo juu ya kitu kidogo. Akipandisha bei kwa shilingi chache hakimbiwi na wateja wote, bali akizidisha wataondoka.

Hali hiyo Chamberlin aliiona kuwa ni ushindani na ukiritimba vilivyochanganyika. Ndani yake alizungumzia utofautishaji wa bidhaa, yaani jitihada za muuzaji kuifanya bidhaa yake ionekane si sawa na ya mwenzake, kwa jina, kifungashio, mahali au huduma. Alitenganisha pia gharama za kuzalisha bidhaa na gharama za kuiuza, kama vile matangazo.

Nadharia hiyo iliishia kwenye jambo ambalo mfanyabiashara mdogo analifahamu vizuri. Pale wauzaji wengi wanapoingia katika biashara moja, kila mmoja akiwa na tofauti yake ndogo, faida inaliwa na ushindani lakini bei haishuki hadi mwisho. Matokeo yake ni maduka mengi kuliko yanayohitajika, kila moja likiwa na wateja nusu ya uwezo wake.

Kuchelewa kulikomgharimu

Chamberlin alikamilisha mawazo hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1927. Hata hivyo, kitabu chake hakikutoka hadi mwaka 1933, miaka sita baadaye. Katikati, mwaka 1929, alichapisha makala moja kuhusu namna bei inavyopangwa pale wauzaji wanapokuwa wachache.

Mwaka huohuo wa 1933, huko Uingereza, mwanauchumi Joan Robinson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kitabu chake kuhusu ushindani usio kamili. Vitabu hivyo viwili vilifanana kiasi kwamba wasomaji wengi walianza kuvitaja kwa pamoja kama vile ni kazi moja ya watu wawili.

Jambo hilo lilimuuma Chamberlin. Kwa miaka mingi iliyofuata alitumia muda mwingi kueleza kwamba kazi yake ni tofauti na ya Robinson. Kitabu chake kilichapishwa upya mara kadhaa na kilifikisha toleo la nane, lakini hakuacha kupigania mpaka huo kati yake na mwenzake.

Katika utafiti, kama ilivyo katika biashara, kugundua jambo na kulifungia kabatini hakutoshi. Hesabu ya nani alitangulia huanza siku kazi inapotoka hadharani.

Darasa lageuka soko

Baada ya kupata jina kubwa, Chamberlin alifanya jambo ambalo wanauchumi wa wakati wake hawakulizoea. Waliamini kwamba uchumi hauwezi kufanyiwa majaribio kama kemia au kilimo. Mtaalamu wa kilimo anaweza kugawa shamba vipande viwili, kimoja akakiwekea mbolea na kingine akakiacha, kisha akapima mavuno. Lakini soko la nchi nzima huwezi kuligawa vipande na kulijaribu.

Chamberlin alilitengeneza soko dogo ndani ya darasa lake. Kila mwanafunzi alipewa kadi. Baadhi waliandikiwa kuwa wanunuzi na wengine wauzaji. Kadi ya mnunuzi ilikuwa na bei ya juu kabisa ambayo hatakiwi kuizidisha. Kadi ya muuzaji ilikuwa na bei ya chini kabisa ambayo hatakiwi kushuka chini yake. Hakuna aliyejua kilichoandikwa kwenye kadi ya mwenzake.

Kisha wanafunzi waliachiwa kuzunguka darasani na kupatana wawili wawili, kama inavyofanyika katika gulio. Waliokubaliana walikwenda kwa mwalimu, wakataja bei yao na kurudisha kadi. Walioshindwa kupatana waliondoka bila biashara.

Kwa kuwa mwalimu ndiye aliyeandika kadi zote, alikuwa na kitu ambacho hakuna ofisa wa soko duniani aliye nacho. Alijua siri ya kila mnunuzi na kila muuzaji. Kwa hiyo aliweza kukokotoa kwa karatasi na kalamu bei ambayo vitabu vinasema ingepaswa kupatikana, ile inayosawazisha mahitaji na ugavi, na idadi ya biashara ambazo zingefanyika kwa bei hiyo. Halafu alilinganisha na yaliyotokea.

Mfano wa magunia manne

Ili msomaji aelewe vizuri, tuchukue mfano wetu wenyewe wa kubuni. Wako wauzaji wanne wa mahindi, kila mmoja na gunia lake. Wa kwanza hawezi kuuza chini ya Sh10,000, wa pili Sh20,000, wa tatu Sh40,000 na wa nne Sh45,000. Wako pia wanunuzi wanne. Wa kwanza anaweza kulipa hadi Sh60,000, wa pili Sh50,000, wa tatu Sh30,000 na wa nne Sh20,000.

Kama bei moja ingetangazwa mbele ya wote, tuseme Sh35,000, wangeuza wawili tu, wale wa Sh10,000 na Sh20,000. Wangenunua wawili tu, wale wa Sh60,000 na Sh50,000. Ukijumlisha nafuu waliyopata wote wanne, yaani tofauti kati ya bei na kikomo cha kila mmoja, unapata Sh80,000.

Sasa waache wapatane kwa siri. Muuzaji wa Sh10,000 anakutana na mnunuzi wa Sh20,000, wanakubaliana Sh15,000. Muuzaji wa Sh20,000 anakutana na yule wa Sh30,000, wanakubaliana Sh25,000. Muuzaji wa Sh40,000 anampata mnunuzi wa Sh60,000, wanamaliza kwa Sh50,000. Aliyebaki wa Sh45,000 anampata wa Sh50,000, wanapatana Sh47,000.

Magunia manne yameuzwa badala ya mawili, na mtu akipita atasema soko limechangamka. Lakini nafuu ya wote nane ukiijumlisha ni Sh45,000 tu, badala ya Sh80,000 ambazo watu wanne wangezipata. Na muuzaji wa kwanza, ambaye angeweza kuondoka na Sh35,000, ameondoka na Sh15,000 akidhani amefanya vizuri kwa sababu amepata Sh5,000 juu ya kikomo chake.

Matokeo yaliyochapishwa

Hicho ndicho Chamberlin alichokiona darasani. Mwaka 1948 alichapisha makala yake kuhusu soko la majaribio lisilo kamilifu katika Journal of Political Economy, jarida la Chuo Kikuu cha Chicago. Aliripoti majaribio 46.

Katika majaribio 42 kati ya hayo, idadi ya biashara zilizofanyika ilizidi ile iliyokokotolewa kwa nadharia. Katika manne yaliyobaki zilikuwa sawa, na hakuna hata moja ambapo zilipungua. Wastani wa bei ulikuwa chini ya bei ya nadharia katika majaribio 39 na juu yake katika saba.

Maana yake ni kwamba watu wakiachwa wapatane wawili wawili, hakuna nguvu ya siri inayowasukuma kwenye bei moja ya haki. Kila jozi inafunga biashara yake na kuondoka. Wanaouza ni pamoja na wale ambao gharama zao ni kubwa mno, na wanaonunua ni pamoja na wale ambao uwezo wao ni mdogo mno. Katikati yao, mwenye mali nzuri na nafuu anaweza kuuza kwa hasara asiyoiona.

Makala hiyo haikupokewa kwa shangwe. Wanauchumi wengi waliiona kuwa ni mchezo wa darasani. Wanafunzi hawakuwa na fedha mkononi, walisema, na soko la dakika chache si soko. Chamberlin mwenyewe, ambaye kwa miaka kumi kuanzia mwaka huo wa 1948 alikuwa mhariri wa jarida la uchumi la Harvard, hakuiendeleza fani hiyo. Alirudi kuitetea nadharia yake ya mwaka 1933.

Mwanafunzi aliyerudia jaribio

Miongoni mwa vijana waliopita katika darasa lake mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwamo Vernon Smith. Alishiriki katika mchezo ule wa kadi, na kama wenzake wengi hakuuona kuwa na uzito. Alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1955 na kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Purdue.

Huko alilifikiria upya jaribio la mwalimu wake. Alijiuliza kama kasoro iko kwenye nadharia ya bei au kwenye namna soko lile lilivyopangwa. Januari 1956 alifanya jaribio lake la kwanza, akiwa amebadili mambo mawili.

Kwanza, alikataza mapatano ya pembeni. Kila mnunuzi aliyetaka kununua alitaja bei yake kwa sauti na kila muuzaji vilevile, wote wakisikia, mfano wa mnada. Pili, hakuishia raundi moja. Soko lilifungwa na kufunguliwa tena na tena kwa kadi zilezile, kana kwamba ni siku ya pili na ya tatu, ili watu wajifunze kutokana na makosa yao.

Mabadiliko hayo mawili yalileta picha tofauti kabisa. Baada ya raundi chache bei zilisogea karibu sana na ile ya nadharia, ingawa washiriki walikuwa wachache na hakuna aliyejua siri ya mwenzake. Smith alichapisha matokeo hayo mwaka 1962 katika jarida lilelile lililokuwa limechapisha makala ya Chamberlin.

Miaka 40 baadaye, mwaka 2002, Smith alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Daniel Kahneman. Uchumi wa majaribio ulikuwa umekuwa fani kamili yenye maabara katika vyuo vikuu. Chamberlin hakuwapo kuyaona hayo. Alifariki Julai 16, 1967 mjini Cambridge, Massachusetts, miaka miwili kabla tuzo hiyo ya uchumi haijaanza kutolewa.

Baadhi ya watu husema Smith alimsahihisha mwalimu wake. Ukitazama kwa makini, wote wawili walipima sawasawa. Mmoja alipima soko la kunong'onezana na mwingine akapima soko la kutangaza. Tofauti ya matokeo yao ndiyo elimu yenyewe. Isingejulikana kama wa kwanza angeziweka hesabu zake kwenye daftari la darasani kwa sababu tu watu wangezicheka.

Jambo hili linatuhusu vipi?

Afrika Mashariki tunayo masoko ya aina zote mbili. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na bei zake zinajulikana kwa wazalishaji wa nchi kadhaa. Kwa upande mwingine, mahindi, mpunga, maharage na ndizi nyingi huuzwa shambani, mkulima mmoja na mnunuzi mmoja, bila mtu wa tatu kusikia.

Korosho za Tanzania zimepitia hali zote mbili. Ununuzi holela unaojulikana kama kangomba ni mapatano ya pembeni hasa, tena mara nyingi hufanyika wakati mkulima ana shida ya fedha kabla ya msimu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, ulikusanya mazao ghalani kupitia vyama vya ushirika na kuwataka wanunuzi washindane kwa zabuni.

Zabuni za kuandika si sawa kabisa na mnada wa Smith, kwa kuwa wanunuzi hawasikiani wanapojaza bei. Lakini bei zinapofunguliwa mbele ya wakulima, na mnada ukarudiwa siku nyingine, yale mambo mawili ya Smith yanakuwapo kwa kiasi, yaani uwazi na marudio. Msimu wa 2024/25 minada ya korosho iliingia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania.

Hata hivyo, mkulima asidhani kwamba neno mnada peke yake ni dawa. Hapo inafaa kukumbuka kazi nyingine ya Chamberlin, ile ya mwaka 1929 na 1933. Aliandika kuhusu wauzaji wachache, lakini hoja yake inawahusu wanunuzi wachache pia. Wanapokuwa wachache, kila mmoja anajua kwamba hatua yake itajibiwa na wenzake, na wanaweza kufikia bei inayowafaa bila hata kukutana. Mnada wenye wanunuzi watatu wanaofahamiana unaweza kuwa wazi na bado bei ikawa mbaya. Malipo yakichelewa, mkulima mwenye njaa atarudi kangomba hata kama anajua bei ya mnada.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na kazi ya Chamberlin na ile iliyomfuata, mkulima na mfanyabiashara mdogo anaweza kujiuliza maswali machache kabla ya kuuza.

La kwanza, je, ninajua angalau bei tatu zilizolipwa wiki hii na watu wengine? Simu moja kwa jamaa aliye sokoni inaweza kuwa na thamani kuliko saa nzima ya kubishana na mnunuzi mmoja.

La pili, je, ninapima bei kwa kikomo changu au kwa bei ya soko? Yule muuzaji wa kwanza katika mfano wetu alifurahia Sh5,000 kwa sababu alijilinganisha na gharama zake tu. Kujua gharama zako ni lazima, lakini hakukuambii mwenzako yuko tayari kulipa kiasi gani.

La tatu, je, tunaweza kuuza pamoja? Kikundi chenye magunia 100 kinaweza kuwaita wanunuzi kadhaa kwa siku moja na kuwataka wataje bei mbele ya wote. Mtu mwenye gunia moja hawezi.

La nne, je, tunaandika? Vikundi vingi huuza kila msimu bila kuweka kumbukumbu ya tarehe, kiasi, bei na mnunuzi. Chamberlin alijua la kusema kwa sababu aliandika majaribio 46, pamoja na yale ambayo hayakukubaliana na mengine. Daftari la chama linaloonyesha bei za misimu mitatu, likisomwa hadharani kwenye mkutano, ni utafiti wa soko ambao hauhitaji profesa.

Na kwa muuza duka, ile nadharia ya mwaka 1933 bado ina somo. Ukifungua duka la sita mtaani lenye bidhaa zilezile, wateja hawataongezeka kwa sababu yako. Watagawanywa. Tafuta tofauti ambayo mteja anaiona na yuko tayari kuilipia, na uhesabu gharama ya kuionyesha tofauti hiyo kabla hujaanza kuilipia wewe mwenyewe.